Aliyekosekana Kwenye Salamu

Naomba mnivumilie kwa mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la saba hapa Maretadu, na tangu nimalize, kalamu nilikuwa naishika mara chache tu, wakati wa kuandika jina la baba kwenye magunia ya maharage yasichanganyike na ya jirani. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na bibi akipita ananiuliza kama nimepata kazi ya ukarani.

Aliyeniomba niandike ni Mama Neema, mshauri nasaha wa zahanati yetu. Alisema pale kwenye benchi huwa wanakaa watu wanaongoja zamu yao huku wanaangalia chini, na mtu wa namna hiyo hataki kuhubiriwa, anataka tu kujua kama kuna mwingine aliyewahi kukaa hapo kabla yake. Basi mimi niliwahi kukaa hapo. Naitwa Yasinta. Ugonjwa wangu unaitwa sonona. Sitaeleza unatokea wapi kwenye kichwa cha mtu, maana sijui, na wanaojua wapo. Nitaeleza ulivyopita nyumbani kwetu.

Kwetu tulikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na dada yangu Basilisa. Boma la jirani ni la baba mdogo na mke wake na watoto wao. Basilisa ni mkubwa kwangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua, na ndiye aliyekuwa ananisemea. Mgeni akiniuliza jina, Basilisa anajibu. Mwalimu akinikaripia, Basilisa anakuja mlangoni pa darasa letu na kusimama tu. Alipoolewa akaenda Endasak, chini ya mlima Hanang. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu, mlima ule unaonekana kutoka kwetu, mbali, rangi ya bluu, na mimi nilikuwa nauangalia kama mtu anayeangalia paa la nyumba ya jirani yake.

Mama alifariki wakati wa palizi. Mvua ilikuwa kubwa mno mwaka ule. Habari zilimfikia Basilisa siku ile ile, akatoka, lakini magari yalikuwa yamekwama njiani na sehemu nyingine alitembea kwa miguu na mtoto mgongoni. Huku nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa na lilianza kuingia maji. Vijana walikuwa wanayatoa kwa ndoo, yanarudi. Wazee wakamwambia baba, ukingoja mpaka kesho tutachimba lingine. Baba akaangalia mawingu, akasema tuzike.

Basilisa alifika asubuhi iliyofuata, matope mpaka magotini. Alisimama juu ya udongo mbichi, waombolezaji wote wakiwa uani, akasema, "Baba, hata mimi hukuweza kuningoja?"

Baba akaangalia udongo.

"Usiku mmoja tu, baba. Umeshindwa kuningoja usiku mmoja."

Nadhani kama angeyasema ndani ya nyumba, mambo yangekuwa mengine. Lakini aliyasema mbele ya watu, na baba ni mzee wa kanisa. Akasema, "Anayeona tumemkosea arudi alikotoka." Basilisa hakunywa hata chai. Alimfunga mtoto vizuri, akaniangalia mimi kwa muda mrefu, akaondoka. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa kwetu. Simu ya nyumbani ni moja, ya baba, na hakuna aliyethubutu kuiomba kwa ajili hiyo.

Ugonjwa wangu ulianza na salamu. Nilikuwa nikienda kisimani nakutana na mzee, najua kabisa kwamba natakiwa kusema shikamoo, neno lipo mdomoni, lakini halitoki. Mzee anapita, anageuka, ananiangalia. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto wa miaka mitatu anajua kusalimia. Watu wakaanza kusema binti wa mzee wa kanisa siku hizi ana kiburi. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, aliniuliza siku moja, "Wewe umekuwa mkuu wa wilaya, sisi ndio tukuamkie?" Alikuwa anatania, lakini na yeye aliumia. Nikaacha kwenda kisimani mchana. Halafu nikaacha kwenda kanisani. Halafu nikaacha kutoka.

Mwili ulinibadilika. Chakula kilikuwa kinazunguka mdomoni kama pumba. Sketi yangu nilianza kuifunga kwa kamba, na kamba nayo nikawa naizidisha mzunguko. Nywele zilikatika sehemu ya mbele. Siku zangu za mwezi zilikoma, na mama mdogo akaanza kuniangalia tumbo kwa macho mengine, mpaka alipoona kwamba tumbo lenyewe linakwenda ndani. Nilikuwa nalala bila kulala. Nilikuwa nasikia ng'ombe wanaingia na wanatoka na sikujua kama ni siku ile ile.

Walinipima malaria, walinipima homa ya matumbo. Nimekaa kwenye mabenchi mengi. Benchi la kwanza lilikuwa na msumari uliochomoza, na watu waliokuwa wanajua walikuwa wanamwachia mgeni nafasi hiyo. Majibu yakija, sina kitu. Baba alifurahi kwamba sina kitu, halafu akakasirika kwamba sina kitu. Akasema, "Kama huumwi, amka." Waliniombea pia, na mimi nilitaka sana maombi yale yafanye kazi, ili baba apate raha.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemwambia baba, kuna mama anakuja hapa zahanati kila wiki kwa pikipiki, mleteni binti kwake.

Huyo ndiye Mama Neema. Ni mama mnene kidogo, anavaa suruali chini ya kitenge kwa ajili ya pikipiki, na anaiendesha mwenyewe toka Dongobesh. Bibi alipomwona mara ya kwanza alisema kwa lugha yetu, akidhani mgeni haelewi, "Huyu atamponya mtoto au atamwangusha?" Mama Neema akamjibu kwa lugha ile ile, "Bibi, nimeshaanguka mara nyingi, sasa najua pa kuangukia." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu msiba.

Chumbani kwake pale zahanati hakuniuliza maswali mengi. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kwamba ni bora nisiwepo. Aliuliza wazi hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza kama umekula. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakushtuka wala hakunikemea. Alisema, "Asante kwa kuniambia." Jioni ile alikuja nyumbani akamwomba bibi awe analala na mimi kitanda kimoja. Kama na wewe una fikra hizo, mwambie mtu leo, usingoje siku ya zahanati. Bibi alikuwa anakoroma sana, lakini mgongo wake ulikuwa na joto, na kwa muda mrefu joto lile ndilo kitu pekee nilichokuwa nakihisi.

Mama Neema hafanyi kazi peke yake. Anashirikiana na mtaalamu mmoja wa mazungumzo aliye Dodoma, anaitwa Zuhura, na wanakutana kwenye simu kwa picha. Mara ya kwanza aliponiwekea simu mbele na nikaona uso wa mtu ananiangalia, niliinamia meza na sikuinuka. Nikasikia sauti inasema, "Yasinta, si lazima tuangaliane. Mama Neema, igeuze simu dirishani."

Ikageuzwa. Zuhura akasema, "Naona mbuzi amefungwa kwenye mti. Kamba imemzunguka."

Ni kweli, alikuwa amejizungusha.

"Tumwangalie huyo mbuzi sote watatu," akasema. "Nikikuuliza kitu, kama jibu ni ndiyo, gonga meza."

Kikao cha kwanza kilipita hivyo. Nilikuwa nagonga meza na mbuzi alikuwa anazunguka mti. Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyelima, na nilikula viazi viwili.

Nilipewa pia dawa, ambazo baba alikuwa anazifuata hospitali Mbulu mjini. Zilinikausha mdomo na mwanzoni zilinitia usingizi wa ajabu. Mama Neema alinionya mapema kwamba zinachukua muda, nisikate tamaa nikaziacha. Nilizimeza wakati wote wa kuvuna maharage bila kuona tofauti yoyote.

Ilifika wakati miguu ikakataa kabisa kunifikisha zahanati. Hapo Mama Neema akasema, kama Yasinta haji, tutakwenda kwao, na tutazungumza na nyumba nzima, kwa kuwa ugonjwa huu wanaoujua ni wote. Kwetu mtandao haushiki ndani. Unashika sehemu moja, kwenye uwanja wetu wa kupigia maharage, upande wa juu. Basi tukakaa pale, wengine kwenye magunia, wengine chini kwenye maganda, na simu ikasimamishwa juu ya ndoo iliyofunikwa, ikiegemea jiwe.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Zuhura alitokea kwenye simu akasema, "Shikamooni wazee wangu." Bibi akaitikia marahaba. Lakini kwetu salamu haiishi hapo. Bibi akamuuliza habari za nyumbani, habari za wazazi, kama mvua zimenyesha huko Dodoma, kama mifugo haijambo.

"Sina mifugo, bibi."

"Hata mbuzi?"

"Hata kuku."

"Pole sana mwanangu," bibi akasema, na alimaanisha.

Halafu baba naye akasalimia kwa utaratibu wake. Halafu baba mdogo, ambaye alitaka kujua Zuhura ni mtu wa wapi kwa asili, na ukoo gani. Halafu mama mdogo. Watoto wakapangwa mstari, mmoja mmoja anainamia ndoo na kusema shikamoo, wa mwisho akasahau kwamba ameshasalimia, akairudia foleni. Jirani aliyekuwa anapita na punda akaona watu wanasalimia, akafunga punda, na yeye akaja kusalimia. Ikafika zamu yangu. Nikafungua mdomo, na simu ikakatika.

Mama Neema akaiangalia. "Bando limeisha," akasema.

"Limeisha kabla ya kuzungumza?" baba akauliza.

"Limeishia kwenye salamu, mzee."

Baba mdogo akasema ni lazima lile bando lilikuwa la mjini, halikuzoea watu wenye adabu. Wote walicheka. Mimi niliingia ndani nikalia, kwa kuwa neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Wiki iliyofuata Mama Neema alikuja na bando kubwa na ombi kwamba asalimie bibi tu kwa niaba ya wote. Bibi alikubali kwa shingo upande. Tulipokaa, Zuhura hakuanza na mimi. Alianza kuongea na Mama Neema, wao kwa wao, sisi tukisikiliza. Ndiyo namna yao. Wanasema mbele yako wanachofikiri, na wewe huna lazima ya kujibu.

Zuhura akasema, "Mama Neema, mimi naona wiki ile haikupotea. Nimesalimiwa na nyumba ambayo hairuki mtu. Hata mwenye punda hakurukwa."

Mama Neema akasema, "Na mimi nilimwona Yasinta alivyokuwa anawahesabu watu kwa macho, kama mtu anayeona mmoja hajafika."

Baba akaingilia. "Samahani. Mbona mnatusengenya na sisi tuko hapa hapa?"

"Tunasema mbele yenu, mzee, ili tusije kusema nyuma yenu," Mama Neema akamjibu. "Tukikosea, turekebisheni."

Zuhura akaendelea, sauti ya chini, bado anamwambia Mama Neema, si sisi. "Mimi najiuliza tu. Katika nyumba inayosalimia hivi, yupo ambaye hakusalimia?"

Nilisikia kuku wanaparua maganda. Bibi alikuwa anaangalia mikono yake. Baba mdogo alikohoa. Kila mtu pale alikuwa analijua jibu, na nilijua hakuna atakayelitoa, kwa ajili ya baba. Mimi sikuamua kusema. Ni kama pale unapoachia mzigo kwa kuwa mikono imekwisha nguvu.

"Basilisa," nikasema.

Ilikuwa sauti mbovu, kama ya mlango usiofunguliwa muda mrefu. Bibi alifunika uso kwa kanga. Baba akasimama, akajipangusa maganda kwenye suruali, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa mbele yetu wote, wanakula mabua.

Baada ya siku ile baba alisema vikao basi. Hakusema kwa ukali. Alisema kazi ni nyingi. Mama Neema akaheshimu, akawa anapita tu njiani na pikipiki, anapiga honi, bibi anampungia mkono. Wakati wa baridi ukaingia, ule wa ukungu ambao unaamka huoni hata zizi. Mlima Hanang haukuonekana kwa wiki nyingi. Nilikuwa natoka kila asubuhi kuutafuta, na hilo bibi alilihesabu kama nafuu, kwamba sasa natoka. Lakini nilikuwa natoka kwa ajili ya hamu. Nilikuwa nawaza, Basilisa sasa hivi anawasha moto. Sasa hivi anamwita mtoto. Je, mtoto ameanza kutembea? Je, na yeye anaangalia upande huu? Mama nilikuwa namtamani pia, lakini mama nilijua aliko, pale nyuma ya migomba. Hamu ya mtu aliye hai ni nyingine. Haikupi ruhusa ya kukaa chini.

Dawa zilipoisha, baba alisema safari hii twende wote Mbulu, daktari anataka kuniona. Tulikwenda kwa basi la asubuhi, mimi nimevaa sweta la mama. Pale hospitali tuliambiwa tungoje. Ukumbi ulikuwa umejaa na sakafu ya baridi inapanda kwenye miguu. Karibu yetu alikuwepo mzee amefuatana na mwanawe wa kiume, kijana mkubwa kabisa, ambaye alikuwa anaongea peke yake. Kila baada ya muda kijana anauliza, "Baba upo?" Na mzee anajibu, "Nipo." Hakuchoka. Alijibu vile vile kila mara, kama anaitikia sala. Baba alikuwa anawaangalia.

Akatoka akarudi na chai na andazi, akaniwekea mapajani. Nikashika kikombe kwa ajili ya joto lake.

"Yasinta," akasema, akiangalia mbele. "Huyo unayemtaka. Akija, utakula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijui baba," nikasema.

"Angalau hukunidanganya," akasema. Halafu akasema tena, taratibu, "Kaburi lilikuwa linajaa maji. Uliona mwenyewe."

"Niliona, baba."

"Mama yako alikuwa hapendi maji baridi."

Sikuwahi kumsikia baba anataja kitu ambacho mama alipenda au hakupenda. Nilimega andazi nikampa nusu, akala. Yule kijana akauliza, "Baba upo?" Mzee akasema, "Nipo."

Tuliporudi nyumbani, Mama Neema alipopita na pikipiki yake na kupiga honi, baba alikwenda barabarani akamsimamisha. Nilimsikia anasema, "Mama wa pikipiki, ile simu yako bado inafanya kazi?"

Kumpata Basilisa haikuwa rahisi. Namba tuliyokuwa nayo haikupatikana. Mama Neema aliwaomba wenzake wa Hanang, na mhudumu mmoja wa afya akapanda kwa miguu mpaka nyumbani kwake Endasak. Jibu lilichelewa kuja. Nilijua kwa nini. Basilisa ana hasira za baba. Lilipokuja lilikuwa fupi, kwamba atakuja kwenye simu kwa ajili ya Yasinta, si kwa ajili ya mtu mwingine. Mama Neema hakumficha baba. Baba akasema, "Ni haki yake."

Siku yenyewe mahindi yalikuwa yameshavunwa na uwanja ulikuwa mtupu. Tulikaa pale pale, ndoo ile ile, jiwe lile lile. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Zuhura alikuwa upande mmoja wa kioo, na upande wa pili palikuwa peusi. Tukangoja. Halafu peusi pakatikisika, na dada yangu akatokea.

Alikuwa amekonda. Nyuma yake nilimwona mtoto amesimama kwa miguu yake, ameshika mlango. Basilisa aliniona, midomo ikaanza kumcheza, akasema, "Mdogo wangu, nywele zako zimekwenda wapi?"

"Zinarudi," nikasema.

Alicheka na kulia kwa pamoja. Halafu macho yake yakahama, yakamwona aliyekaa nyuma yangu. Nilimwona anavyokaza taya, vile vile kama baba. Nilifikiri atafunga simu. Lakini sisi tumelelewa nyumba moja, na kuna jambo ambalo mtoto wa nyumba ile hawezi kulifanya, hata akiwa na hasira kiasi gani, nalo ni kumwona baba yake na kupita kimya. Kasoro mgonjwa, na yeye hakuwa mgonjwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Na picha ikaganda. Uso wake ulibaki pale, mdomo wazi kidogo, jicho moja nusu limefumba. Tuligeuka wote kumwangalia baba. Sikujua kama hakuitikia kwa kuwa hakutaka, au kwa kuwa neno lilikuwa kwenye meno, kama langu. Halafu uso ukapotea, na Zuhura naye akapotea.

Mama Neema akapiga, haikushika. Akasogeza ndoo, akapiga. Akaondoa kifuniko cha simu, akapanda juu ya jiwe, akapiga. Mwishowe akashuka, jasho linamtoka.

"Mtandao umeondoka kabisa. Mzee, pole. Leo imeshindikana. Tupange wiki ijayo, nitawaarifu wenzangu kule."

Baba mdogo alianza kunyanyuka. Mama mdogo akaita watoto. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Hanang, na upepo ulikuwa unainua vumbi la uwanja.

Baba hakunyanyuka. Aliyaangalia mawingu, kama alivyoyaangalia siku ile.

"Hapana," akasema. "Tumngoje."

"Mzee, inaweza ikachukua mpaka jioni."

"Hata usiku," baba akasema. "Tumngoje."

Tukakaa. Hakuna aliyeondoka. Bibi aliletewa blanketi. Mama mdogo alileta viazi vya kuchemsha kwenye sinia, na nilikula bila kujua kwamba nakula mpaka watoto walipoanza kuonyeshana kwa vidole. Ng'ombe walirudi wenyewe, wakapita katikati yetu kwenda zizini. Jirani wa punda alipita akauliza kuna nini, baba akamwambia, "Tunamngoja Basilisa." Alilisema jina kama lilikuwa halijawahi kutoka nyumbani.

Jua lilikuwa linagusa vilima simu ilipolia. Mama Neema aliiweka juu ya ndoo haraka. Uso wa dada ukarudi, safari hii gizani, karibu sana na kioo, anapepesa macho kama mtu anayetafuta upande mwingine kuna nani. Akafungua mdomo.

"Marahaba," baba akasema, kabla dada hajasema chochote. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Naandika haya masika ikiwa imekaribia kwisha. Ninakunywa dawa bado, dozi ndogo kuliko ya mwanzo. Nimenenepa usoni, na watu wa kanisani wananisifu kwa hilo. Kisimani naenda. Siku nyingine neno halitoki, na wazee sasa wananingoja, wanasimama na ndoo zao mpaka litoke. Basilisa hajaja. Kwanza mtoto aliumwa, halafu mvua zikakata barabara. Ameahidi kuja akishavuna. Kila wiki tunaongea pale uwanjani, na simu ikishazimwa hamu inakuwa kubwa kuliko kabla, sitawadanganya. Asubuhi kukiwa wazi bado natoka kuangalia mlima. Na mama simpati kwenye simu yoyote.

Wewe uliyeko kwenye benchi, kama unaweza kuandika hata mistari miwili, mpe mshauri wa zahanati yenu. Mama Neema amesema washauri wenyewe wanafahamiana na barua itanifikia. Niambie uko wapi na unamngoja nani. Usijali mwandiko, wangu umeuona. Kama hujui pa kuanzia, anza na salamu. Nitaitikia, hata nikichelewa.